Kwa gari hadi kwenye misekwoia ya California: mwongozo kamili wa siku tatu

Mti mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo wa shina ni msekwoia unaoitwa General Sherman. Uko katika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, kwenye milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Una urefu wa mita 83.8. Kwa urefu peke yake hautamshtua sana mtu wa kwetu, maana mwaka 2016 watafiti walitangaza mti wa mkukusu wenye mita 81.5 kwenye korongo moja la Kilimanjaro. Kinachomfanya mtu asimame kimya ni unene: kitako cha mita 11 kutoka ubavu hadi ubavu, na shina lenye karibu mita za ujazo 1,487 za mbao.

Kabla ya mengine yote, shika hili: pima safari hii kwa kimo, usiipime kwa kilomita. Kutoka lango la kusini hadi msitu wa misekwoia ni kilomita 26 tu, lakini unapanda kutoka mita 520 hivi hadi karibu 1,950. Kimo ndicho kinachoamua joto, theluji, breki, pumzi yako, hata chakula unachopika. Miti yenyewe inatii sheria hiyohiyo. Kwa asili msekwoia mkubwa huota kwenye miteremko ya magharibi ya Sierra Nevada peke yake, hasa kati ya mita 1,500 na 2,100. Chini ya hapo ni pakavu mno, juu yake baridi hukatiza miche. Vibao vya barabarani vitakuandikia kimo kwa futi; futi 1,000 ni kama mita 305, na maili moja ni kilomita 1.6.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Nenda kati ya mwisho wa Mei na Oktoba. Ndani ya miezi hiyo mimi naipendelea Juni na Septemba. Juni maporomoko yamejaa maji ya theluji iliyoyeyuka na mbuga zina maua. Septemba, watoto wakisharudi shule, foleni hupungua na maegesho hupatikana. Julai na Agosti kuna watu wengi, na ukungu wa hewa chafu hupanda kutoka bonde la San Joaquin na kufunika mandhari yote. Moshi wa moto wa msitu unaweza kusababisha barabara ifungwe ghafla, ndani ya saa chache tu, kwa hiyo soma tangazo la hifadhi asubuhi ya safari, hata kama ulilisoma jana.

Majira ya baridi miti hupendeza sana katikati ya theluji, ila utalazimika kubeba minyororo ya matairi hata kama gari lina nguvu ya magurudumu manne. Ndani ya hifadhi, kipande cha barabara kati ya vituo vya Lodgepole na Grant Grove hufungwa theluji ikizidi, na barabara ya kushuka Kings Canyon hufungwa tangu katikati ya Novemba hadi Aprili. Kwa safari ya kwanza, usianzie huko.

Hatua ya 2: Ingia kusini, tokea kaskazini

Hifadhi mbili, Sequoia na Kings Canyon, zimepakana na husimamiwa pamoja. Unaingia kwa barabara ya 198 kutoka Visalia (lango la Ash Mountain) au ya 180 kutoka Fresno (lango la Big Stump). Katikati yake inapita Generals Highway, iliyokamilika mwaka 1935. Hakuna barabara inayokatiza milima kwenda upande wa mashariki. Anayetaka kuuona mlima Whitney, wenye mita 4,421, aende Lone Pine upande wa pili. Huku hauonekani, umefichwa na safu nyingine ya vilele.

Ushauri wangu ni kupanda kwa 198 na kushuka kwa 180. Upande wa kusini ndio wenye mwinuko mkali na kona zaidi ya 130. Kuupanda kunachosha injini, kuushuka kunachosha breki, na kwa dereva mgeni injini ndiyo ichoke. Faida ya pili ni kwamba unayaona mabadiliko kwa mpangilio wake: vichaka vikavu na mialoni chini, kisha misonobari, kisha ghafla kwenye kona moja mashina mekundu manene kuliko gari lako. Anayeingia kwa Fresno huyakuta mambo yameanzia katikati.

Wenye gari refu kuliko futi 22, yaani mita 6.7, wasipite kusini. Hifadhi yenyewe haishauri magari hayo kati ya vilima vya chini na Giant Forest, msitu wenyewe wa misekwoia. Wao waingie na kutokea 180.

Kutoka Los Angeles hadi lango la kusini ni mwendo wa saa 4 hivi, kutoka San Francisco kati ya 4 na 5. Uwanja wa ndege wa karibu wenye magari mengi ya kukodi ni Fresno.

Hatua ya 3: Gari, karatasi na ada

Gari dogo la kawaida linatosha kiangazi. California humruhusu mgeni kuendesha kwa leseni halali ya nchi yake, lakini kampuni za kukodisha zina masharti yao, hivyo chukua kibali cha kimataifa cha udereva nyumbani kabla hujaondoka, na uwe na kadi ya benki yenye jina la dereva. Aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi. Ukiwa bado kwenye maegesho ya kampuni, mwulize mhudumu akuonyeshe jinsi ya kuliweka gari la otomatiki kwenye gia ndogo: kuna linaloandikwa L, lingine B, lingine M. Gia hiyo utaihitaji kweli.

Wamarekani huendesha kulia. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda hatapata shida. Mtanzania, Mkenya na Mganda ajihadhari zaidi asubuhi, anapotoka kwenye nyumba ya wageni na barabara ni tupu, kwa kuwa hapo hakuna gari la kumkumbusha upande.

Ada ya kuingia ni dola 35 kwa gari, na inatumika siku 7 kwa hifadhi zote mbili. Lakini tangu Januari 1, 2026 kuna nyongeza kwa wasio wakazi wa Marekani: dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi, katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, hizi zikiwemo. Njia mbadala ni pasi ya mwaka ya dola 250, ambayo humwingiza mwenye pasi pamoja na waliomo garini mwake. Mkiwa watu wazima watatu kutoka Mombasa au Mwanza, pasi ina nafuu dhahiri, na itawafaa pia mkiendelea Yosemite au Grand Canyon. Ndugu mnaoishi Marekani pasi yenu ya mwaka ni dola 80. Bebeni kitambulisho cha serikali chenye picha, kwa mfano leseni ya jimbo au kadi ya ukazi. Lipa kwa kadi, usitegemee noti.

Hakuna kituo cha mafuta ndani ya mipaka ya hifadhi. Jaza tangi Visalia au Three Rivers. Katika msitu wa taifa ulio jirani kuna mafuta Hume Lake, na Stony Creek kwa msimu, kwa bei ya juu. Mtandao wa simu nao ni wa kubahatisha: pakua ramani ukiwa bado mjini, na usiifuate ramani ya simu ikikuelekeza njia ya mkato.

Hatua ya 4: Kulala na kula

Mgawanyo ninaoupenda ni huu: usiku wa kwanza Three Rivers, kijiji kilicho chini kabisa ya lango, ili asubuhi uwe mlangoni mapema. Usiku wa pili lala juu, ama Wuksachi Lodge, ama kwenye hema Lodgepole. Mwenye kutaka kushuka Kings Canyon aongeze usiku wa tatu Grant Grove. Kambi huwekwa nafasi kupitia Recreation.gov na hujaa miezi kabla. Usiku huko juu ni baridi hata Julai, kwa hiyo sweta si la kuacha, hata kama mchana Visalia ilikuchoma kwa nyuzi 37.

Nunua chakula Visalia, ujipikie. Maduka ya hifadhini ni machache na ghali. Anayetaka ugali aje na unga wake, na ajue kwamba kwenye mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufikia joto la pwani, hivyo maharage hayaivi upesi: yapike nyumbani, au beba ya kopo.

Halafu kuna dubu weusi. Dubu wa hapa hana haja na wewe, ana haja na harufu. Pua yake haitofautishi samaki wa kopo na dawa ya meno, losheni, mafuta ya mdomo au makombo kwenye kiti cha mtoto. Kila chenye harufu kiingie kwenye sanduku la chuma lililopo kambini na kwenye maegesho mengi, na komeo lake lifungwe mpaka ulisikie likilia. Dubu aliyezoea chakula cha watu huanza kuvunja magari, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Sitanii hapa: mfuko mmoja wa karanga ulioachwa kwenye kiti unaweza kumgharimu mnyama uhai.

Hatua ya 5: Panda kabla jua halijakali

Saa moja asubuhi uwe langoni. Kituo cha kwanza ni Hospital Rock, dakika chache juu. Kuna jiwe kubwa lenye michoro myekundu, na karibu yake miamba yenye mashimo ya mviringo ambamo wenyeji wa kale wa bonde hili walitwanga njugu za mwaloni kupata unga. Ingiza kidole kwenye shimo moja uone lilivyolainishwa na kazi ya mikono.

Chini yake unapita mto Kaweah. Maji yake yanaonekana ya kuchezea, siyo. Ni baridi, yana nguvu, na mawe yake yana utelezi. Kuzama mtoni ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika hifadhi hizi, kuliko dubu na nyoka. Watoto wasisogee ukingoni Mei na Juni. Vichakani kuna mmea wenye majani matatu matatu unaowasha kama upupu, basi usitoke nje ya njia.

Kuanzia hapo kona hazina mchezo. Zima kiyoyozi injini ikipata joto, usimkimbize aliye mbele, na ukiona foleni nyuma yako ingia kwenye maegesho ya pembeni wapite. Mwenye kichefuchefu akae mbele.

Ukiwa kwenye kona hizo, mkumbuke Charles Young. Alizaliwa mwaka 1864 Kentucky, wazazi wake wakiwa watumwa, akawa ofisa wa jeshi, na mwaka 1903 alipewa usimamizi wa hifadhi hii. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kusimamia hifadhi ya taifa. Katika kiangazi kimoja askari wake, weusi wenzake wa kikosi cha tisa cha farasi, waliifikisha barabara ya magari ya farasi hadi Giant Forest, kazi ambayo kwa miaka ilikuwa haijakamilika. Walipotaka kuuita mti kwa jina lake alikataa. Mti ukapewa jina la Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi. Young alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini Afrika Magharibi. Mwaka 2004 hatimaye msekwoia mmoja ulipewa jina lake, na sehemu ya barabara ya 198 uliyoipita nayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Hatua ya 6: Giant Forest, na hapa usiharakishe

Egesha gari kwenye makumbusho ya Giant Forest na uliache. Kiangazi kuna mabasi madogo ya bure yanayozunguka, na kutafuta nafasi ya kuegesha saa tano mchana ni kupoteza siku. Mpangilio mzuri ni huu.

Anza na Moro Rock asubuhi, kabla ya joto na mawingu. Ni mwamba wa graniti ulioinuka peke yake, wenye ngazi zaidi ya 350 zilizochongwa na kujengwa mwaka 1931. Juu utaiona barabara uliyopanda ikijikunja chini kabisa. Mawingu meusi yakianza kujikusanya, usipande. Mwamba huo huvutia radi, na vyuma vya kushikilia viko njia nzima.

Kwenye barabara hiyohiyo kuna Tunnel Log, msekwoia ulioanguka mwaka 1937 ukazuia njia, na mwaka uliofuata ukatobolewa magari yapite. Tundu lina kimo cha mita 2.4. Mwisho wa barabara ni Crescent Meadow, mbuga yenye nyasi laini iliyozungukwa na mashina makubwa; usikanyage nyasi zake. Kutoka hapo tembea kama kilomita moja na nusu hadi Tharp's Log, gogo lililotobolewa na moto ambalo mfugaji Hale Tharp alilifanya nyumba ya kiangazi. Wikendi za kiangazi magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara hii, ni mabasi tu.

Kisha General Sherman. Maegesho makubwa yako juu, barabara ya Wolverton, na njia inashuka kama mita 800 yenye ngazi. Kushuka ni raha. Kurudi unapanda mita 60 kwenye hewa nyepesi ya mita 2,100, na ndipo wazee na wenye pumu hukwama. Kiangazi shuka kwa miguu, kisha panda basi kwenye kituo kilicho karibu na mti. Wenye kibali cha ulemavu wana maegesho yao chini, kando ya barabara kuu.

Mti huu una umri wa kama miaka 2,200. Wajamaa wa Kaweah, waliofanya koloni lao hapa miaka ya 1880, waliuita Karl Marx. Wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe endelea na Congress Trail, mzunguko wa kama kilomita 3 na zaidi, uliowekwa lami. Huko watu hupungua na unaweza kuikaribia miti mingine.

Gusa gome mahali njia inapopita karibu na shina. Ni laini, linabonyea, nyuzi zake zina rangi ya mdalasini. Kwa mti mzima unene wake hufika sentimita 60, na halina utomvu wa kushika moto. Tazama kitakoni: mingi ina mapango meusi, makovu ya moto wa karne zilizopita, na bado ina majani mabichi juu. Okota koni chini, ya ukubwa wa yai la kuku, itikise kwenye kiganja. Zitaanguka mbegu bapa, nyembamba kama punje ya shayiri iliyopondwa. Hicho ndicho kinachozaa mti huu. Zirudishe pale pale, kuchukua ni marufuku.

Koni hizo hukaa mtini zimefungwa kwa miaka, zikisubiri joto la moto lizikaushe zifunguke. Moto huohuo huondoa majani makavu na kuacha udongo mtupu wenye jua, kitu ambacho mche unakihitaji. Kwa miongo mingi wasimamizi walizima kila moto, na miche ikakosekana. Utafiti wa Richard Hartesveldt miaka ya 1960 ulilionyesha jambo hilo, na mwaka 1968 hifadhi ikaanza kuchoma kwa mpango. Ukiona eneo limechomwa na kibao kinasema ni kazi ya hifadhi, usisikitike.

Hatua ya 7: Vuka kwenda Grant Grove

Siku ya pili fuata Generals Highway kaskazini, mwendo wa kama saa moja bila kusimama. Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,300. Hapa utaona jambo lingine: miteremko mizima ya miti myeusi iliyokufa imesimama. Moto wa mwaka 2020 na mingine miwili ya 2021 uliua sehemu kubwa, makadirio yakiwa kati ya asilimia 13 na 19 ya misekwoia yote mikubwa duniani. Ukame na kuni zilizolundikana vilifanya moto ufike kwenye vilele, mahali gome nene halisaidii. Septemba 2021 wazimamoto waliuzungushia Sherman karatasi ya alumini kitakoni, na ukapona. Simama kwenye kituo cha kutazamia Redwood Canyon. Inauma kuangalia, lakini nadhani kila mgeni anapaswa kuangalia.

Grant Grove ina General Grant, wa mita 81.7, ambao tangu mwaka 1926 unaitwa mti wa Krismasi wa taifa. Njia yake ni fupi na tambarare, na ndiyo ningemchagulia bibi au mtoto mdogo kuliko ya Sherman.

Hatua ya 8: Kings Canyon, kama una siku ya tatu

Barabara ya 180 inaendelea mashariki na kushuka hadi mtoni, kisha inaingia kwenye bonde la Cedar Grove na kuishia Road's End. Simama Junction View uone korongo lilivyogawanyika, kisha Grizzly Falls na Roaring River Falls. Tenga nusu siku ya kwenda na kurudi, na usianze alasiri. Chini ni joto tena. Ulivaa sweta, utaivua.

Hatua ya 9: Kushuka kwenda Fresno

Kabla ya lango la kutokea, egesha Big Stump. Ni makaburi ya misekwoia iliyokatwa mwishoni mwa karne ya 19. Mti ulioitwa Mark Twain ulikatwa mwaka 1891 ili vipande vyake vionyeshwe makumbusho ya New York na London. Na mbao zake hazikuwa hata na faida kubwa: msekwoia ukianguka hupasuka vipande, ukaishia kuwa nguzo za uzio na vigae vya paa. Panda juu ya kisiki upate picha ya ukubwa.

Kutoka hapo ni mteremko mrefu. Weka gia ndogo tangu mwanzo, kabla gari halijashika kasi. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, achia, kanyaga tena. Usiweke mguu juu yake muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama, zima injini, subiri nusu saa, na usimwagie magurudumu maji. Mafuta yakiwa robo, utafika Clingan's Junction chini ya mlima, na kutoka hapo hadi Fresno njia imenyooka.